Requiem, Mlaghai Apendwaye na Wasomaji

Liko jambo moja ambalo kila mpenda vitabu hulijua, ingawa si wote wanaolikiri. Mtu husoma riwaya tangu mwanzo hata mwisho, na akiisha kuifunga ukamwuliza ni nani hasa aliyebaki moyoni mwake, mara nyingi hamtaji mtu mwema. Humtaja mlaghai. Humtaja yule mwenye ulimi wa asali, mcheshi, jasiri, ambaye katika kurasa zote amedanganya na kuiba na kuwageuka rafiki zake, na hata hivyo kila aingiapo katika hadithi msomaji hutabasamu na kusogea karibu na taa.

Je, ni kosa kumpenda mtu kama huyo? Je, moyo uliozoea kumshangilia mwongo kitabuni hautamfungulia mlango mwongo wa kweli atakapobisha hodi? Swali hili si mchezo wa watu wenye shule kubwa. Hapa Kolwezi, ambako kijana aweza kuacha daftari leo na kesho akashuka shimoni kwa sababu ya maneno matamu ya mtu mmoja, ni swali la bukari na la uhai.

Kitabu chenyewe

Riwaya tuliyoisoma, watu saba wa parokia moja, nakala moja ikizunguka mikononi kwa zamu, ni Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila. Mwandishi huyu ni mwana wa nchi hii ya shaba: alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981, na kwa miaka mingi amekaa Graz, katika Austria. Kitabu chake kilitolewa kwa Kifaransa mjini Paris mwaka 2014, kikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 2015, kikapata Tuzo ya Etisalat ya mwaka 2015, ambayo wakati huo walipewa waandishi wa Afrika kwa riwaya yao ya kwanza. Watu wa mbali wamekisifu sana. Lakini sisi wa Kolwezi na Likasi na Lubumbashi tuna haki ya kukisoma kwa namna yetu, kwa maana mji unaosimuliwa humo, ingawa haukupewa jina la kweli, twaufahamu kwa harufu yake.

Mwandishi auita Mji-Nchi. Ni mji wa migodi uliojitenga na nchi nyingine, ukitawaliwa na jenerali mwasi. Una kituo cha reli ambacho jengo lake halikukamilika. Wageni wafika kutoka pande zote za dunia kutafuta madini. Wanafunzi wagoma, wachimbaji wapanda na kushuka na vumbi lao, na usiku wote hukutana katika baa moja kubwa iitwayo Tram 83. Hapo ndipo aingiapo Lucien, mwandishi maskini aliyetoka Nchi-ya-Nyuma, amechukua daftari lake na tamthilia ambayo hajaimaliza. Hana pa kulala. Ampokeaye ni rafiki yake wa zamani, na rafiki huyo ndiye Requiem.

Kabla ya kuendelea, yatupasa kutoa onyo. Tram 83 si kitabu cha watoto wala cha wanafunzi wa madarasa ya chini. Lugha yake ni chafu mahali pengi, na mambo ya usiku husemwa humo bila kifuniko. Wazazi wasikiache mezani. Mtu mzima mwenye akili iliyokomaa aweza kukisoma kwa faida, kama vile mganga aangaliavyo kidonda, si kwa kupenda usaha bali kwa kutaka kujua ulikotoka.

Kwa nini apendeza?

Requiem ni mtu wa biashara zote zisizo na karatasi. Huuza kilichoibwa, hununua kitakachoibwa, na madini yatokayo usiku hupita mikononi mwake. Tena anayo silaha nyingine: picha za aibu za wakubwa na za wageni matajiri, ambazo huwatisha nazo mpaka watoe fedha. Ana majina ya sifa mengi, na kila kona ya mji hujulikana kwa jina mojawapo. Hata hivyo katika kikundi chetu hakuna aliyemchukia alipoanza kusoma. Tulijiuliza sababu, tukapata nne.

Sababu ya kwanza ni ulimi. Requiem asema vizuri, na mtu asemaye vizuri huonekana kama mtu afikiriye vizuri, ingawa mambo hayo mawili si ndugu. Sababu ya pili ni kwamba haogopi wakubwa. Mnyonge aliyezoea kusukumwa hufurahi mno kumwona mwenye nguvu akitetemeka, wala haulizi sana ni kwa njia gani ametetemeshwa. Sababu ya tatu ni ukarimu: Requiem hula na watu, hunywa na watu, humpa Lucien mahali pa kulala. Na sababu ya nne, iliyo ya siri zaidi, ni kwamba Lucien ni mtu wa kuchosha. Ni mwaminifu, lakini ni mzito. Huandika katika daftari lake wakati wengine wanapotafuta chakula. Mwema akiwa hana ladha, mwovu mwenye ladha hupata wageni wengi.

Palipogawanyika maoni

Kijana mmoja kati yetu, ambaye alichimba miaka miwili kabla ya kurudi darasani, alisema waziwazi: “Mimi niko upande wa Requiem. Mnamsifu Lucien kwa kuwa mikono yake ni safi. Lakini analala katika nyumba ya nani? Anakula bukari ya nani? Nyumba ni ya Requiem, na bukari imenunuliwa kwa fedha za wizi. Afadhali mwizi anayejijua kuliko mtakatifu anayelishwa na mwizi.”

Maneno haya yalitunyamazisha wote, maana yana ukweli mchungu. Ni nani kati yetu katika mji huu awezaye kusema kwamba hakuna hata mkate mmoja mezani pake uliopita mikononi mwa Requiem fulani? Mwenye duka hupokea fedha za mchimbaji. Mwalimu hupokea ada kutoka kwa mwenye duka. Sadaka ya Dominika hutoka kwa wote wawili.

Mwalimu mmoja mstaafu alijibu kwa upole: “Mwanangu, watu wetu walimpenda mlaghai tangu zamani. Hatukungoja vitabu. Kwani Kalulu ni nani? Pwani humwita Sungura, sisi twamwita Kalulu, lakini ni yule yule: mdogo wa mwili, mkubwa wa hila. Humdanganya simba, humdanganya fisi, humfunga tembo kamba. Tulicheka utotoni, wala hatukuwa wezi.”

Ndipo mama mmoja, muuza samaki sokoni, ambaye tangu mwanzo alikuwa amekaa kimya, akauliza swali lililogeuza mazungumzo yetu yote. “Mwalimu, ninakubali. Lakini tulicheka kwa sababu aliyelipa alikuwa simba. Huyu Requiem, anayemlipia ni nani?”

Tulikirudia kitabu kwa swali hilo, na tukaona jambo ambalo hatukuliona mara ya kwanza. Ni kweli, wakubwa na wageni hulipa, na hapo tunapiga makofi. Lakini wako wengine wengi wanaolipa bila kelele: wachimbaji wasiojua thamani ya mzigo wao, wasichana wadogo wa baa wanaojiuza kwa mkate, na Lucien mwenyewe, ambaye urafiki wake hutumiwa kama kitu cha kukopesha na kudai. Tena angalieni: Requiem ana majina mengi, lakini wachimbaji hao na wasichana hao karibu wote hawana jina hata moja. Ni sauti tu katika kelele za baa. Hivyo ndivyo mlaghai apendezavyo: hung’ara yeye peke yake, na wale walionyimwa mafuta ya taa hukaa gizani tusiwaone.

Mwalimu alikumbuka hadithi nyingine ya Kalulu, ambayo husimuliwa kwa namna mbalimbali katika makabila mengi ya Kibantu. Wakati wa ukame wanyama walikubaliana kuchimba kisima. Kalulu alikataa kutoa jasho lake. Maji yalipotoka, yeye ndiye aliyekuja usiku kuyaiba na kuyachafua, akiwapumbaza walinzi wenye nguvu mmoja baada ya mwingine kwa maneno matamu. Aliyemkamata si simba wala tembo. Alikuwa kobe, aliyejipaka ulimbo mgongoni, akanyamaza kimya ndani ya maji. Basi wazee wetu walijua tofauti. Kalulu akimhadaa simba, twacheka naye. Kalulu akiwaibia waliochimba kisima, twamcheka yeye.

Walaghai wa ng’ambo

Jambo hili si la Afrika tu. Mwaka 1554 huko Hispania, na pia Antwerp katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, kilichapwa kitabu kidogo kisicho na jina la mwandishi, kiitwacho Lazarillo de Tormes. Chasimulia maisha ya mtoto maskini ambaye mama yake alimkabidhi kwa kipofu mwombaji ili amwongoze. Kipofu ni mchoyo na mkali; mtoto ajifunza kumwibia divai na chakula. Baadaye amtumikia padre anayefungia mikate sandukuni, kisha bwana mwungwana asiye na kitu ila upanga na majivuno. Kwa kila bwana mtoto ajifunza hila mpya. Mwaka 1559 kitabu hiki kiliwekwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa Hispania, kwa kuwa kiliwacheka watu wa Kanisa waliostahili kuchekwa. Baadaye kiliruhusiwa kikiwa kimepunguzwa. Wataalamu humhesabu Lazarillo kuwa baba wa walaghai wote wa riwaya za Ulaya, na Requiem wetu ni wa ukoo huo.

Lakini tazameni tofauti. Lazarillo aliiba kwa sababu ya njaa, naye alikuwa mtoto. Kitabu chake chawashtaki mabwana zake kuliko yeye. Mlaghai wa namna hii ni kama kioo: tukimtazama twauona uso wa mji uliomlea.

Mtakatifu Agostino naye aliyajua mambo haya. Katika Maungamo yake, aliyoyaandika mwishoni mwa karne ya nne, asimulia jinsi alipokuwa shuleni alivyomlilia Dido, malkia wa hadithi aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, wala asiyalilie maisha yake mwenyewe yaliyokuwa yakiharibika. Asimulia pia jinsi akiwa na miaka 16 alivyoiba mapeari usiku pamoja na vijana wenzake, wala hakuyahitaji. Kwao yalikuwako mazuri zaidi. Alipojichunguza aligundua kwamba peke yake asingaliiba. Alipenda kicheko cha wenzake. Hapo Agostino ametufumbulia siri ya Requiem. Mlaghai hatuuzii dhambi, hutuuzia ushirika. Atuita tuwe miongoni mwa wajanja, na ni nani apendaye kuhesabiwa miongoni mwa wajinga?

Baba mwaminifu na mtoto mwenye njaa

Hata hivyo haitoshi kumlaumu mlaghai. Yatupasa kuuliza ni kwa nini katika nchi yetu wanafunzi wake ni wengi.

Wazee wa Kolwezi wakumbuka. Mji huu ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi ya Union Minière. Baada ya mwaka 1967 kampuni ya serikali, iliyoitwa baadaye Gécamines, ilishika mahali pake. Mfanyakazi alikuwa na nyumba, shule ya watoto, hospitali na unga wa mwezi. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 450,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 shaba yote ya kampuni ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000 kwa mwaka. Mishahara ilikoma miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari.

Fikirini basi mtoto aliyekua katika nyumba hiyo. Amwona baba yake, mtu aliyefika kazini kwa saa yake miaka thelathini, mtu asiyeiba hata msumari, ameketi mlangoni bila mshahara. Amwona jirani, asiyejulikana afanyacho, ashuka garini akiwa na viatu ving’aavyo, agawa bia ya Simba kwa wote na kumpa mama unga. Mtoto huyo hahitaji kusoma Tram 83. Amekwisha kusoma Requiem kwa macho, na Lucien ni baba yake.

Hili ndilo jeraha lenyewe. Kijana wetu aliposema kwamba yuko upande wa Requiem, hakuwa akiusifu wizi. Alikuwa akiomba jibu: uaminifu wa baba yangu ulileta nini? Mhubiri asiyelijibu swali hilo, na afadhali anyamaze kuliko kumtukana Requiem mimbarani.

Vipimo vitatu vya Kolwezi

Sisi hatukosi urithi wa kulijibu. Katika miaka ya 1950, katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière hapa hapa Kolwezi, Padre Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji, aliketi na wanaume na wake zao akawauliza wanachotamani kuliko vyote. Katika mazungumzo hayo ilizaliwa Jamaa, nayo ilieneza kwa Kiswahili maneno matatu ambayo wazee wengi wangali wakiyakumbuka: uzima, uzazi, mapendo. Waliona kwamba haya ndiyo matamanio ya kila mtu, na kwamba hayatenganishwi. Basi na tumweke Requiem katika vipimo hivi vitatu.

Uzima anao. Hakuna awezaye kukataa. Ana nguvu, kicheko, ushujaa. Katika mji uliochoka yeye hachoki. Ndiyo maana twavutwa naye, wala si aibu kuvutwa na uzima, kwani uzima watoka kwa Mungu hata ukiwa ndani ya mwizi.

Uzazi je? Katika Jamaa uzazi haukuwa kupata watoto wa mwili peke yake. Ulikuwa kumfanya mwingine awe mtu zaidi kwa sababu yako. Hapa Requiem apungua. Tulitafuta katika kitabu chote mtu mmoja aliyekua kwa kuwa karibu naye, tusimwone. Wote wanaomzunguka hubaki wadogo, na tena hupungua. Uzima wake hauzai. Ni moto unaoota kuni za wengine.

Na mapendo? Ukarimu wake wafanana na mapendo kama shaba ifananavyo na dhahabu machoni pa asiyejua. Mapendo hutoa na kusahau. Requiem hutoa na kuandika. Kila bia aliyoinunua, kila usiku aliompa Lucien pa kulala, umo katika hesabu yake, na siku moja atadai.

Kwa vipimo hivyo hivyo baba mwaminifu aliyeketi mlangoni apata jibu lake. Uaminifu wake haukuleta gari. Lakini ametuzalia watu ambao neno lao laaminika: huyu muuguzi, huyu fundi, huyu mama anayepima samaki wake kwa haki. Siku Kolwezi itakapokosa watu wa namna hiyo, hata Requiem hatapata wa kumwibia.

Requiem kando ya barabara

Sasa tutoke kitabuni. Mwaka 2014, mtu mmoja wa mtaa wa Kasulo alipokuwa akichimba uwanjani kwake alikuta mawe yenye kobalti, na baada ya muda mfupi mtaa mzima ulijaa mashimo, mengine yakichimbwa ndani ya vyumba vya nyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na wakazi wake wakahamishwa. Katika biashara ya namna hii mchimbaji haanzi na fedha. Yuko anayemkopesha kamba, taa na chakula cha majuma ya kwanza. Mara nyingi mkopeshaji huyo ni mtu mchangamfu mno.

Mchimbaji afikapo na magunia yake kwenye ghala la mnunuzi, hukuta mambo mawili asiyoweza kuyahakikisha. La kwanza ni mizani. La pili ni kile chombo kidogo ambacho wote hukiita metorex, kinachoelekezwa kwenye jiwe na kuonyesha ni sehemu ngapi za madini zilizomo. Mnunuzi ndiye mwenye chombo, ndiye asomaye tarakimu, ndiye atangazaye bei. Katika taarifa yake ya Januari 2016, shirika la Amnesty International lilieleza kwamba watoto waliohojiwa hawakuwa na njia yo yote ya kuhakikisha uzito wala ubora wa mzigo wao. Mwenye kuwapunja haji na fimbo. Huja na utani, na kuwaita “wanangu”.

Tarehe 27 Juni 2019, katika mgodi wa wazi wa KOV karibu na Kolwezi, ardhi iliporomoka ikawafunika watu waliokuwa wameingia kuchimba kwa mikono. Walikufa zaidi ya 40. Mashimo yana sababu nyingi: umaskini, ukosefu wa kazi, sheria zisizoshikwa. Lakini kijana ashukapo shimoni, mara nyingi nyuma yake iko sauti iliyomwambia kwamba waoga hawatajirika. Ni sauti ya Requiem. Nayo haikuwa shimoni siku ile.

Sifa zisizostahili kutupwa

Je, tuvichome vitabu vya walaghai? Hasha. Bwana wetu mwenyewe alisimulia habari ya mlaghai. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, yumo wakili aliyeharibu mali ya bwana wake. Alipojua kwamba atafukuzwa, aliwaita wadeni mmoja mmoja akawapunguzia hati zao, ili wapate kumkaribisha nyumbani mwao. Na bwana wake akamsifu! Wasikilizaji wengi huona haya kwa mfano huu. Lakini hakusifiwa kwa wizi. Alisifiwa kwa kuwa alifikiri upesi, aliona mbele, alitenda kabla jua halijachwa. Yesu ahuzunika kwamba watu wa nuru ni wazito wakati watu wa dunia ni wepesi.

Hapa Lucien naye apata fundisho lake. Wema uliolala, unaokula bukari ya mwizi na kunung’unika katika daftari, hautamshinda Requiem kamwe. Wema wapaswa kuamka mapema kuliko yeye. Tangu mwaka 2012 Watawa wa Mchungaji Mwema hapa Kolwezi wamewafungulia shule watoto waliokuwa wakiokota mawe migodini, na wazazi wao wakasaidiwa kulima na kupata riziki nyingine. Hiyo ni hila takatifu: kumnyang’anya Requiem wanafunzi wake kwa kuwapa sahani nyingine na benchi la shule. Vivyo hivyo wachimbaji wanaoungana na kupima mzigo wao wenyewe kabla ya kumwendea mnunuzi, wamejipaka ulimbo wa kobe.

Basi, ndugu wasomaji, mkikutana na Requiem kitabuni, chekeni naye. Mungu hakukataza kicheko. Lakini kila mkimaliza sura moja, ulizeni swali la yule mama muuza samaki: anayelipa ni nani, na jina lake ni nani? Msomaji aliyezoea kuuliza hivyo juu ya karatasi atauliza pia mbele ya mizani. Na mlaghai aogopacho si hasira wala mahubiri. Aogopa mtu mtulivu anayehesabu.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani au katika chama cha vijana:

1. Katika hadithi za nyumbani kwenu, ni lini mlicheka pamoja na Kalulu, na ni lini mlimcheka? Tofauti ilikuwa nini?

2. Kijana alisema kwamba Lucien hula bukari ya mwizi. Je, mtu aishiye katika mji wa migodi afanye nini ili wema wake usiwe wa kulishwa na Requiem?

3. Mtajeni mtu mmoja wa mtaa wenu, asiye tajiri, ambaye kwa sababu yake wengine wamekuwa watu zaidi. Je, amekwisha kuambiwa asante?